Dawa ya kufutia gari bila maji, na nilivyochekwa Ngamiani

Nianze na haki yake: dawa yenyewe inafanya kazi. Nalisema hili mapema kwa sababu nikishafika kwenye habari za muuzaji sitakuwa na moyo wa kulisema.

Nakaa Raskazone, hapa Tanga, bahari naisikia nikiwa kitandani. Wageni husema nina bahati. Waje waone gari! Upepo ukivuma usiku kutoka baharini, asubuhi kioo cha mbele kimeshika ukungu wa chumvi, ukipitisha kidole na kulamba unakunja uso. Kisima chetu nacho maji yake yana chumvi, ukioshea gari yakakauka yanaacha mabaka meupe, utadhani gari limeota choa. Maji ya bomba yapo, ila kumwaga ndoo nne kila alfajiri kwa ajili ya Passo ni kujitafutia bili. Kazini ndiyo usiseme. Kivuli kilichopo ni cha mkungu, na mkungu ule umejaa kunguru. Ama uchague jua ama uchague kunguru. Mimi nimechagua kunguru miaka yote, na gari langu ni jeusi.

Basi siku moja, kusi limeshaanza, nikaingia duka moja la vipuri na mapambo ya magari kule Ngamiani kutafuta balbu. Kijana wa dukani mchangamfu, shikamoo mama, karibu mama. Akanionyesha chupa ya kupuliza. "Unapuliza, unafuta, unaondoka. Maji sahau." Nikamuuliza, na vumbi la shamba je? "Hata tope, mama yangu. Inameza."

Inameza. Neno hilo mnitunzie.

Nilitoa shilingi 12,000, na taulo mbili zile laini zenye vinyweleo vifupi nikalipia mbali. Na kweli, siku za mwanzo nilikuwa kama niliyeposwa. Nikitoka kuswali alfajiri, gari bado la baridi, nakunja taulo mara mbili, tena mara mbili, napata nyuso kibao za kufutia. Napuliza juu ya paa kwanza, nashuka milangoni, nafuta kwenda upande mmoja bila kuzungusha, uso wa taulo ukichafuka nageuza. Bampa na chini ya milango mwisho kabisa. Dakika kumi na tano gari linang'aa, chumvi hakuna, ndoo hakuna. Kinyesi cha kunguru nacho nilijifunza kutokikwangua. Kina asidi, kikipigwa na jua kinakula ule utando wa juu wa rangi na alama haitoki tena. Nalaza kitambaa kilicholowa maji juu yake mpaka kilegee, ndipo nafuta. Jirani yangu, ambaye gari lake hulifuta kwa kipande cha fulana kavu, akawa anapita taratibu akitazama. Siku zile ningeulizwa, ningeipa nyota zote tano na chai juu.

Kisha tukaenda Amani kwenye harusi.

Aliyewahi kupanda kutoka Muheza kwenda Amani anaijua ile njia. Tumerudi usiku, gari jeusi limekuwa jekundu, udongo umekauka mpaka kwenye vishikio vya milango. Asubuhi yake nina kikao, nimechelewa, na nina chupa inayomeza. Nikapuliza. Nikafuta. Nilisikia kwa vidole kama kuna mchanga mchanga, nikaongeza dawa, nikafuta tena.

Lilipopanda jua nikaona boneti. Mikwaruzo, tena ya miviringo, kama paka kumi wamecheza mdako pale juu. Nilikaa kwenye ngazi ya ofisi nikaitazama mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna msiba.

Fundi rangi alinieleza kwa upole, nami nasema ukweli: udongo wa vile una chembe za mchanga. Dawa hizi zinalainisha vumbi jepesi ili lishikwe na taulo bila kusugua rangi. Likiwa jingi, dawa haifui dafu, unakuwa umeshika msasa. Gari kama lile lilitakiwa kumwagiwa maji kwanza udongo wote ushuke, hata hayo ya kisima, ndipo ushike kitambaa. Kupiga polishi boneti nzima aliniambia bei ambayo siandiki hapa, mume wangu naye anasoma.

Sasa sikilizeni. Sikwenda dukani kugombana. Nilikwenda kumwambia yule kijana aache kuwaambia watu "hata tope". Basi. Nilimsalimia, nikamweleza. Duka lilikuwa na wateja watatu. Akatoka nje, akalizunguka gari langu polepole kama dalali wa mnada, akarudi, akasema mbele ya watu:

"Gari lenyewe la mwaka gani, shangazi?"

Wakacheka wote. Mmoja alicheka mpaka akashika kaunta.

Shangazi! Wakati wa kununua nilikuwa mama yangu. Huu ni mji ambao hata anayekudai anaanza na habari za nyumbani, watoto hawajambo, ndipo anakumbushia deni lake kwa mbali. Sijawahi kuulizwa umri wa gari langu na mtu aliyekula hela yangu. Halafu akaigeuza chupa, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo kuliko chawa, Kiingereza kitupu: gari likiwa chafu sana, osha kwa maji kwanza. "Si imeandikwa?" Imeandikwa, ndiyo. Kwa hiyo alijua, au hakuwahi kusoma mpaka siku ile, na sijui lipi baya zaidi. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya taulo.

Ila nikipoa nasema hivi, chupa haikunitukana. Kwa chumvi ya usiku na vumbi la mjini, sijaona kitu cha kuishinda, na ni bora mara mia kuliko ile dasta ya manyoya nayoiona kwa madereva wa teksi, kavu, inasukuma mchanga huku na huku siku nzima. Sabuni ya unga nayo siirudii, inaondoa nta yote gari likabaki na uso wa mgonjwa. Kwa hiyo dawa nyota nne. Duka, nikikumbuka kile kicheko, hata nusu sitoi. Nikabandika plasta nyeupe kwenye chupa, nikaandika kwa maka pen herufi kubwa: SI YA TOPE. Tukaendelea na maisha, mimi, chupa na kunguru.

Juzi ikaisha. Nimezunguka maduka mawili matatu, aina ile hawana, na zile nyingine zinaacha mafuta kwenye kioo. Nikala yamini kwamba kule sikanyagi. Nikamtuma mtoto wa dada yangu kwa baiskeli, nikampa hela kamili na chupa tupu ya kuonyesha, nikamwonya asitaje jina langu wala kusema ametumwa na nani.

Alirudi na chupa mpya, na ile tupu mkononi. Kumbe plasta sikuitoa. Eti yule kijana aliisoma, akatabasamu, akampunguzia elfu moja, akamwambia:

"Msalimie sana shangazi. Mwambie lile swali langu hajanijibu."