Tamasha la katuni Dodoma: hela yangu ilirudi kwenye meza ya pembeni

Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za mzee mmoja aliyewekwa nyuma ya ukumbi, karibu na choo. Nitamfikia.

Kiingilio kilikuwa shilingi 10,000 getini na 7,000 kwa mwenye kitambulisho cha chuo. Wamefikiria vizuri hapo, maana mji wenye UDOM na Chuo cha Mipango ukiwafungia wanafunzi mlango utabaki na viti. Ukumbi uko Area D, bajaji kutoka Nyerere Square hazisumbui. Tangazo lilisema saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu mafundi walikuwa bado wanavuta nyaya. Kwa shughuli za kwetu hilo nalisamehe.

Kilichonitoa nyumbani ni ahadi ya maonyesho ya historia ya matamasha haya. Walibandika mabango ukuta mzima, tena yaliyochapwa vizuri. San Diego kule Marekani, ambako siku hizi hujazana watu zaidi ya 130,000 kwa tamasha moja, Agosti 1970 walikuwa kama 300 tu katika hoteli ya U.S. Grant, na mchoraji Jack Kirby akiwa miongoni mwa wageni. Tokyo nako, Desemba 1975, Comiket ilianza na vikundi 32 vilivyoleta vijitabu vyao wenyewe, na watu kama 700 wa kuvinunua. Ukisoma mabango yote mawili unaona kitu kimoja: wapenzi wa karatasi walikuwa wanatafutana.

Halafu ukuta ukaishia hapo. Lagos wana tamasha lao tangu 2012, Johannesburg walianza Comic Con Africa mwaka 2018, na Nairobi, ambako ukipanda basi unafika, wana Naiccon. Hakuna hata bango moja la Afrika. Nikamwuliza dada wa mapokezi kama kuna chochote cha hapa kwetu. "Kuna mzee kule nyuma, kaka," akasema, akaendelea na simu yake.

Huyo mzee alikuwa na meza moja, viti vinne vya plastiki na mafungu ya magazeti ya katuni ya SANI yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, na kabla sijagusa kitu akanipa masharti: "Haya hayauzwi, mwanangu. Unasoma hapahapa, mia tano." Nililipa, nikakaa, na sikunyanyuka hadi mchana.

Kwa mliozaliwa juzi: SANI ni Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, majina mawili yaliyounganishwa. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili na Lodilofa, kazi ya Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana. Karatasi zimegeuka rangi ya chai kavu, lakini mistari iko palepale, imara, na mapozi ya wale watu unayajua kwa sababu mjomba wako anasimama hivyohivyo akikopa hela. Mzee alikuwa pia na daftari la hesabu alimobandika vipande vya Chakubanga kutoka gazeti la Uhuru, katuni ya Christian Gregory iliyoanza 1967. Anasema aliuza magazeti stesheni ya reli ya zamani miaka hiyo, na yaliyobaki bila kununuliwa ndiyo haya. Ningelipa 10,000 kwa daftari hilo peke yake.

Akaja kijana amejifunga kitambaa cha ninja kichwani, akasoma ukurasa mmoja wa Lodilofa, akacheka mpaka wenzake wakamfuata. Binti mmoja akatoa daftari akaanza kunakili jinsi mikono ilivyochorwa. Mzee akamruhusu, ila akamhimiza afute jasho kwanza. Viti vikawa havitoshi, wengine wakachuchumaa.

Hapo ndipo ninapogombana na waandaaji. Muda wote huo jukwaani kulikuwa na mashindano ya gemu ya mpira, spika zimefunguliwa mpaka mwisho, na mshereheshaji hakuitaja meza ile hata mara moja. Tulikuwa tunamsikiliza mzee kwa kumwinamia mdomoni. Wameiga San Diego ya leo, ya taa na kamera, wakati ile ya mwaka 1970 waliibandika wenyewe ukutani.

Mavazi ya wahusika yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Mengi yameshonwa na mafundi wa Majengo na unaona mshono ni wa mtu anayejua kazi. Ngao na mabawa ya kadibodi yaliteswa na upepo wakati wa picha za nje, na yeyote anayeijua Dodoma angewashauri wapigie ndani. Niliyempenda mimi ni dada aliyekuja na shujaa wake mwenyewe, Mgogo, shanga kifuani na ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, mkononi badala ya upanga. Majaji wakampa nafasi ya tatu, nyuma ya wawili waliovaa ninja walewale wa kila mahali. Haya.

Chakula: chipsi na mishikaki, bei ya kawaida, foleni ndefu. Juisi ya zabibu ilikuwa ya baridi kweli.

Ukienda mwaka ujao, nunua tiketi getini, maana ile ya simu ilinichelewesha zaidi kuliko foleni yenyewe. Wa Dar mnaotegemea treni ya jioni, jihadharini, tuzo zilitolewa saa moja usiku badala ya saa kumi. Beba noti ndogondogo: mzee hana chenji wala hapokei kwa simu, na nilivyomwona, akishakula mchana anaanza kufunga mafungu yake.