Karakana ya sayansi na sanaa kwa watoto wasio na makazi, Goma: tathmini ya mwalimu

Karakana ya sayansi na sanaa inayofanyika kila Jumamosi katika mtaa wa Katindo, hapa Goma, hupokea watoto wasio na pa kulala: wale wanaoshinda katika mtaa wa biashara wa Birere wakibeba mizigo na kulala kwenye vibaraza vya maduka, pamoja na wale ambao wazazi wao walikimbia vita na hawajapata tena nyumba ya kukaa. Hakuna malipo yoyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nilihudhuria vipindi vyake ili nijue kama mtoto asiye na mahali pa kuweka daftari anafundishwa kweli pale, au anatulizwa kwa asubuhi moja kisha anarudishwa barabarani. Nimeridhika kwamba anafundishwa, na somo mojawapo ni bora kuliko masomo mengi ya sayansi niliyoyaona katika madarasa yenye madawati.

Somo hilo ni la mazuku. Kila anayeishi kati ya Goma na Sake amesikia habari za hewa hiyo ya kaboni (kaboni dayoksaidi), ambayo hutoka ardhini kwenye miamba ya volkano na kutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Haina rangi, uzito wake ni takriban mara moja na nusu ya hewa tunayovuta, na mbuzi huanguka kabla ya mchungaji wao kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Mtoto anayelala kitandani huweza kuyasikiliza hayo kama masimulizi ya wakubwa, lakini anayetafuta kishimo cha kujikingia baridi anahitaji kuyajua kabla ya giza kuingia.

Msimamizi alisimamisha mishumaa miwili ndani ya chombo kirefu cha kioo, mmoja chini kabisa na mwingine juu ya jiwe. Katika jagi alichanganya bikaboneti na maji ya ndimu, akangoja povu litulie, kisha akaliinamisha jagi taratibu juu ya chombo bila kumwaga hata tone. Watoto waliona jagi likimimina kitu kisichoonekana, na mwali wa chini ukazimika huku wa juu ukiendelea kuwaka. “Yaya, ule wa chini umekufa mbele!” alipaza sauti mvulana mmoja. Msimamizi hakumweleza lolote. Alimwuliza tu angelala upande gani kama chombo kile kingekuwa bonde. Kisha kila mtoto alilishika jagi kwa zamu yake na kurudia, mpaka ndimu zikaisha. Baadaye walichora mlima kwa makaa kwenye vipande vya katoni na kupaka rangi mahali hewa ile inapolala, na wale waliokuwa wamepaka hadi kileleni walisahihishwa na wenzao. Hapo ndipo nilipoona kwamba sanaa haikuwekwa kuwapumbaza watoto baada ya sayansi: mchoro ulionyesha wazi nani ameelewa na nani bado.

Ningeomba jambo moja liongezwe katika somo hilo, na ni jambo zito. Watoto waambiwe waziwazi kwamba mshumaa si kipimo cha usalama, kwa maana hewa ya kaboni huanza kumdhuru binadamu kabla haijafikia kiwango cha kuzima moto. Mtoto mwerevu anaweza kubeba kibiriti bondeni na kujiamini kwa sababu ya mwali unaowaka.

Kipindi cha chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili wa kubebea mizigo, kinapendeza pia. Watoto hutengeneza chukudu ndogo za mti wa mkaratusi, huvisha magurudumu vipande vya tairi kuukuu, kisha huziteremsha kwenye ubao ulioinamishwa ili waone ni ipi inayokwenda mbali: yenye mpira au isiyo nao, yenye ekseli iliyopakwa mafuta ya mawese au iliyo kavu. Wengi wao wamesukuma chukudu halisi zenye magunia ya viazi, hivyo msuguano wanaujua kwa mabega kabla ya kuambiwa jina lake. Muziki na maigizo yapo, ila bado hayajapangwa vizuri.

Kinachonifanya niisifu karakana hii zaidi ni rafu yake. Kila mtoto ana kopo lake lenye alama aliyoichora mwenyewe, na humo huhifadhi michoro, waya na kazi ambayo haijaisha. Mharagwe uliopandwa kwenye pamba unamwagiliwa katikati ya juma na msimamizi, na mwenyewe akirudi anaukuta, anaupima kwa kijiti na kuweka alama mpya. Shule huwaambia wanafunzi wamalizie kazi nyumbani. Hapa wamefikiria mtoto ambaye hana nyumbani, na ndiyo maana kazi zake zinakamilika.

Kasoro zipo na si ndogo. Vipindi huanza asubuhi, saa ambazo sokoni kuna mizigo mingi, kwa hiyo mtoto analazimika kuchagua kati ya kujifunza na kupata pesa ya chakula. Uji nao hutolewa mwishoni, ilhali ungefaa kutangulia. Wasichana ni wachache mno, na choo kisichofungika kwa ndani ni sababu mojawapo iliyo wazi. Aidha, wageni wanaruhusiwa kupiga picha nyuso za watoto kwa simu zao, jambo ambalo lingepaswa kukatazwa leo hii.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba hakuna daraja kutoka karakana hadi shuleni. Elimu ya msingi katika shule za serikali hapa Kongo ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini mtoto wa miaka 12 ambaye hajawahi kusoma haoni haya bila sababu anapokataa kuketi na wa miaka 6. Kwa watoto kama huyo kuna vituo vya kufidia masomo, ambavyo hufupisha miaka 6 ya msingi kuwa miaka 3, na msimamizi mmoja akipewa kazi ya kuwasindikiza huko wale walio tayari, kopo la rafuni litakuwa na mahali pa kuelekea.

Ninaipendekeza karakana hii kwa mlezi yeyote anayemjua mtoto anayelala nje, na kwa walimu wenzangu waende wakaone namna ya kufundisha kwa vitu vilivyopo. Anayetaka kuchangia apeleke ndimu, bikaboneti, makopo yenye vifuniko na komeo la mlango wa choo, na amwone msimamizi mchana, baada ya watoto kupata uji.