World of Commodore, Toronto: Nimenunua Commodore 64 Mezani kwa Muuzaji, Inafaa?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo sina simu mpya hapa mezani. Ngoja nisogeze kamera... haya. Hii ni Commodore 64, kompyuta iliyoanza kuuzwa 1982 kwa dola 595. Kibodi na kompyuta yenyewe viko kwenye boksi moja, kumbukumbu yake ni kilobaiti 64 tu, na kila unachokiona hapa kimetoka kwenye maonyesho ya World of Commodore, Mississauga, pembeni ya Toronto. Kwa hiyo nachambua mashine, halafu nachambua na soko nilikoipata. Soko ndilo lenye maneno mengi, tuanze nalo.

Waandaaji wake ni TPUG, kikundi cha watumiaji wa kompyuta kilichozaliwa Toronto 1979, zama za kompyuta ya Commodore iliyoitwa PET. Wakati ule ukikwama, hakuna mahali pa kutafuta jibu usiku wa manane. Unasubiri mkutano wa kikundi, unasimama, unaeleza kilichokushinda, na aliyewahi kupita hapo anakuelekeza. Jim Butterfield, mwandishi wa programu wa hapohapo Toronto aliyefariki 2007, alijijengea heshima kwa kazi hiyo hasa: kuwaeleza watu wa kawaida kilichomo ndani ya mashine zao. Na wauzaji walilijua hilo. Ukimridhisha mwanakikundi mmoja, kikundi kizima kinasikia. Ukimpiga, kikundi kizima kinasikia haraka zaidi!

Maonyesho ya kwanza yalikuwa 1983, kampuni ya Commodore ikiwa imepamba moto. Mwaka 1994 kampuni ikafilisika. Kikundi hakikufa nayo, na 2004 TPUG wakayafufua maonyesho. Ndiyo maana mpaka leo, kila Desemba, watu wanakanyaga theluji kwenda kuangalia bidhaa za kampuni iliyofungwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Sasa usije ukategemea mataa na warembo wanaogawa kalamu. Ni ukumbi wa hoteli, meza, nyaya kila mahali, na wazee wenye mvi wanaobishana kuhusu chipu. Baadhi ya meza zina vitu vipya kabisa: visomaji vya kadi ya kumbukumbu vinavyochukua nafasi ya diski, adapta za umeme, hata michezo iliyoandikwa juzijuzi. Nyingine ni mtumba mtupu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba unawasha kabla ya kulipa. Ukinunua mtandaoni utakutana na tangazo la "haijajaribiwa", na mimi siku hizi nalisoma kwamba imejaribiwa ikagoma. Hapa skrini ipo mezani, umeme upo, chomeka uone. Muuzaji mmoja aliniona nimeing'ang'ania mashine fulani akaniambia, "Hiyo achana nayo kijana, kibodi yake inasumbua, chukua ile ya nyuma." Hataki nirudi Desemba ijayo na kinyongo mbele ya wenzake. Lakini yupo na mwingine, boksi lake linang'aa utadhani limetoka kiwandani, nikamwomba aiwashe, akaniambia ilikuwa nzima alipoiweka darini. Nikamwacha na dari lake.

Kama unaenda, angalia hivi. Ikiwaka, skrini ya buluu inakuandikia 38911 BASIC BYTES FREE, yaani nafasi ya kumbukumbu iliyo wazi kwa programu zako, halafu READY. Namba ikiwa pungufu, kumbukumbu ina hitilafu. Skrini ikibaki nyeusi, waachie mafundi, maana sababu ni nyingi na chipu inayoitwa PLA ni mshukiwa wa kwanza. Bonyeza kila kitufe, kimoja kimoja, usione aibu. Halafu omba mchezo wenye muziki. Chipu ya sauti, SID, aliyoibuni Bob Yannes, inatafutwa sana na wanamuziki, kwa hiyo kuna mashine zimechomolewa chipu hiyo ikauzwa kivyake. Kwa nje hutajua. Utajua ukisikia kimya.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Hili dude jeusi zito ni adapta ya asili. MSIICHOMEKE. Ndani imejazwa gundi ngumu, haifunguki kutengenezwa, na ikizeeka ile volti 5 inayotoa inaanza kupanda. Volti ikipanda, chipu za kumbukumbu zinaungua, na adapta yenyewe haikupi dalili yoyote kwa nje. Fundi akipima leo kwa mita anaweza kukuta iko sawa, kesho ikaua. Mimi nilinunua mpya meza ya pili kutoka pale, na nashauri uihesabu hiyo kama sehemu ya bei ya kompyuta, si nyongeza.

Matumizi je? Kifaa cha zamani cha kusomea diski, 1541, ni polepole mno. Unaweka mchezo, unaenda kuchemsha chai. Nikachukua kisomaji cha kadi aina ya SD2IEC. Ni kidogo, rahisi, na kwa programu nyingi kinatosha. Tatizo, ile 1541 ilikuwa na prosesa yake yenyewe, na michezo kadhaa iliandikwa kuitumia hiyo prosesa. SD2IEC haiigizi, kwa hiyo michezo hiyo itakwama. Ukitaka kila kitu kifanye kazi, jiandae kulipia kifaa cha bei zaidi. Mimi kwa sasa imenitosha.

Mashine naipa nane kati ya kumi. Maonyesho naya... saba. Bei si za kutupa, mabango hayaelezi kitu, na mgeni asiyeuliza atazunguka meza zote atoke mikono mitupu huku wenyeji wakipiga soga. Uliza tu. Ukiuliza swali moja utapewa somo zima, na kiti.

Wale wa nyumbani mnaotaka ndugu awanunulie huku: mashine za Kanada na Marekani zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120. Ukiichomeka adapta hiyo Dar kwenye 230, au Nairobi kwenye 240, unaiunguza papo hapo. Agiza adapta mpya ya volti za kwenu. Picha nayo inatoka kwa NTSC, mfumo wa runinga wa Marekani na Kanada. Runinga nyingi za sasa zinaipokea, ile ya zamani ya PAL, mfumo wa huko nyumbani, inaweza kukuonyesha picha isiyo na rangi. Kabla ndugu hajalipa, soma kibandiko cha nyuma ya runinga yako, kisha niandikie hapo chini umekuta nini.