Picha ya daraja la Hagwilget: picha safi, maelezo ya kuudhi

Picha yenyewe ni nzuri, na ninalisema hilo mapema kwa sababu nikishaanza habari ya maandishi waliyoyachapa chini yake sijui kama nitapata tena moyo wa kuisifu. Majira ya baridi yaliyopita niliagiza, kutoka duka moja la mtandaoni linalochapisha picha za kale za kaskazini mwa British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, kwa ukubwa wa kutundika ukutani, picha ya daraja la zamani la Hagwilget, lile la magogo na waya lililokuwa likivuka korongo la Mto Bulkley karibu na Hazelton. Bei, vipimo na aina za karatasi viko kwenye tovuti yao na kila mtu anaweza kuvisoma mwenyewe. Mimi nina neno kuhusu mstari mmoja tu.

Mstari huo unasema kwamba daraja lilijengwa na kampuni ya telegrafu mwaka 1866. Umechapwa kwa herufi za rangi ya dhahabu ndani ya karatasi yenyewe, chini kabisa, kwa namna ambayo huwezi kuubandua wala kuuficha kwa fremu isipokuwa ukubali kupoteza na sehemu ya mwamba. Kwenye tovuti picha inaonyeshwa bila mstari huo. Mteja analipa, anasubiri, anafungua bomba la karatasi ngumu sebuleni mbele ya watoto wake, ndipo anapokutana nao.

Ninaishi Prince George, mji wa jimbo hilo hilo, na mara kwa mara kazi hunipitisha barabara namba 16 kwenda pwani, kwa hiyo korongo hilo ninalijua kwa macho. Daraja la sasa ni la chuma, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, magari hupita kwa zamu kwa kuwa njia ni moja, na ukichungulia chini unaona maji yapata mita 80 hivi. Kabla ya chuma hicho watu wa Wet'suwet'en, wenyeji wa asili wa hapo, walikuwa wakivuka hapo kwa daraja lao wenyewe. Walikuwa na sababu kubwa ya kuwapo. Mwanzoni mwa karne ya 19 mawe yaliporomoka mtoni na kuwazuia samoni wasipande kwenda juu walikozoea kuvuliwa, nao watu wakashuka kuwafuata samaki na kuweka kijiji juu ya korongo. Kijiji ambacho riziki yake iko kwenye mawe ya chini na jamaa zake wako ng'ambo hakiwezi kukaa bila daraja, na hakikukaa. Magogo yalifungwa kwa kamba.

Waya ulikuja baadaye, na hapa ndipo mstari wa dhahabu unapojikwaa. Mwaka 1865 kampuni ya Western Union ilianza kutandaza njia ya telegrafu ambayo ingetoka Marekani, ikapita British Columbia na Alaska, ambayo wakati huo ilikuwa ya Urusi, ikavuka Mlango-Bahari wa Bering na kuingia Siberia hadi Ulaya. Julai 1866 kebo iliyopitishwa chini ya Bahari ya Atlantiki ikafanya kazi, na mradi wote wa nchi kavu ukawa hauna maana. Mwaka uliofuata uliachwa, na shehena za waya zikabaki msituni bila mwenyewe. Wenyeji waliuokota. Waliutumia kukaza madaraja yao, na la Hagwilget ndilo mashuhuri kuliko yote. Kwa hiyo waya ulikuwa wa kampuni, hakuna anayebisha, lakini kumpa mwenye waya sifa ya daraja ni sawa na kusema chungu cha pilau kimepikwa na aliyeuza kuni.

Na picha, ambayo wao wenyewe wameichapa kwa ustadi, inawasuta. Nimeikagua kwa kioo cha kukuzia. Kutoka kila ukingo magogo marefu yamesukumwa kuelekea katikati, mizizi yake ikiwa imegandamizwa kwa mawe upande wa nchi kavu, na pale ncha zinapokutana juu ya maji kuna miti myembamba iliyosimamishwa na kulazwa, kila kiungo kikiwa kimezungushiwa waya mara nyingi, si kwa kupitisha na kukaza kama afanyavyo fundi wa telegrafu anayefunga waya kwenye kikombe cha kauri, bali kwa kuuzungusha gogo pande zote, kuuvusha kwa mshazari na kuurudisha, kama kamba inavyofungwa na mtu ambaye amefunga kamba maisha yake yote. Kwenye kiungo kimoja upande wa kushoto ncha ya waya imebaki wazi, imejikunja juu kama ndoana. Mtu mwenye mzigo mgongoni amesimama hatua chache kutoka hapo na hajashika popote. Ukali wa uchapaji ni wa kiwango ambacho sijakiona kwa duka lolote jingine, na kama ningekuwa napima wino na karatasi peke yake, ningewapa alama zote na kuongeza.

Nilipiga simu. Nilitarajia mazungumzo mafupi, maana kosa la maandishi hurekebishwa. Unabadilisha mstari, unachapa upya, unaomba radhi, mambo yanaisha. Kijana aliyepokea alinisikiliza kwa muda, kisha akaniuliza, kabla ya kuniuliza namba ya oda yangu, "Samahani, wewe unahusika vipi na picha hizi?" Nikamwambia ninahusika kwa kuwa nimezilipia. Akasema lafudhi yangu inaonyesha kwamba si mtu wa huku, na kwamba historia ya eneo hili ni ngumu kueleweka na wageni. Nimeishi kaskazini kwa miaka mingi ya kutosha kuzika gari mbili kwenye theluji, lakini hilo nalo nililiacha lipite. Nikamrudisha kwenye daraja. Ndipo akatoa sentensi ambayo mpaka leo inanikosesha utulivu: kwamba wao hufuata kilichoandikwa, na masimulizi ya wenyeji hayawezi kuhesabiwa kuwa ushahidi.

Kama angesema hivyo kuhusu watu wengine wowote duniani ningemwona ni kijana asiyesoma tu. Lakini hawa ndio hasa watu waliokwenda mahakamani kwa jambo hilo hilo. Machifu wa Wet'suwet'en na wa Gitxsan, majirani zao, walifungua kesi ya kudai ardhi yao, ikaanza kusikilizwa mji wa Smithers mwaka 1987, na wazee wakatoa ushahidi kwa masimulizi na nyimbo za koo zao. Mama mmoja wa Gitxsan, Mary Johnson, aliimba wimbo wa ukoo wake mbele ya jaji, na jaji akalalamika kwamba yeye hana sikio la muziki. Mwaka 1991 jaji huyo akawanyima haki yao. Desemba 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika hukumu inayojulikana kwa jina la Delgamuukw, ilitengua uamuzi huo, ikaamuru kesi isikilizwe upya, na ikasema kwamba masimulizi ya mdomo ya wenyeji lazima yapewe uzito wake pamoja na nyaraka. Maelezo ya duka hili, basi, yanadai usahihi kuliko mahakama kubwa kuliko zote nchini, tena kwa shauri la watu wale wale na mito ile ile. Nilimweleza kijana habari hiyo kwa utaratibu. Akanijibu kwamba yeye ni wa huduma kwa wateja, si mwanasheria.

Hata hayo "yaliyoandikwa" sijui ameyasoma wapi. Diamond Jenness, mwanaanthropolojia wa serikali, alikaa Hagwilget majira ya baridi ya 1923 kuingia 1924 akiandika masimulizi ya wazee wa hapo. Hayo nayo ni maandishi. Marius Barbeau na Harlan Smith walipita Mto Skeena, ambao Bulkley humwagia maji yake, miaka hiyo hiyo na kamera zao, wakipiga picha nguzo za kuchongwa za koo, na Charles Horetzky alifika Hazelton mapema zaidi, mwaka 1872, akitafuta njia ya reli. Aliyebeba kamera tunajua jina lake, tunajua nani alimtuma, mara nyingine tunajua hata alikula nini njiani, ilhali aliyening'inia juu ya korongo akifunga waya tunaambiwa ni kampuni. Mimi nimekulia Tanga, na picha za reli ya Usambara nimeziona: mhandisi Mjerumani ana jina na cheo, waliopasua mawe wameandikwa "wafanyakazi" kama wameandikwa kabisa. Labda ndiyo maana mstari huo ulinigusa kuliko ungemgusa mteja mwingine, na kijana wa simu angeniuliza vizuri angejua jinsi ninavyohusika.

Niwe mwadilifu kidogo. Inawezekana duka lilirithi maelezo hayo kutoka kwenye katalogi ya zamani na hakuna aliyeketi kuyapitia. Kijana yule pengine analipwa kidogo na siku hiyo alikuwa ametukanwa na wengine kabla yangu. Na kuna jambo lililonifanya nitake kuifuta hasira yote. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye watoto wangu humwita bibi, ni mzaliwa wa Hagwilget, nami nikampelekea picha aione. Aliweka kiganja chake juu ya maandishi ya dhahabu bila kuyasoma na kuanza kunionyesha mawe, si daraja: hapa walisimama watu wa nyumba ya mjomba, hapa palikaa mtego, huyu hapa ndiye mwamba ambao Idara ya Uvuvi iliulipua kwa baruti. Ulipuaji huo ni wa mwaka 1959. Serikali iliondoa mawe ili samoni wapande kwa urahisi, na kwa kufanya hivyo ikaua mahali pa kuvulia ambapo kijiji kizima kilikuwa kimewekwa kwa ajili yake. Yeye alikuwa binti mdogo. Kwa zaidi ya nusu saa alizungumza juu ya mawe ambayo hayapo tena, na kila alilolitaja lilikuwamo kwenye karatasi, kali, na ukungu wa maji umeonekana, hata kivuli cha ngazi za kushukia. Jioni hiyo niliandika tathmini ya kulisifu duka. Niliandika kwamba hata wakikosea maneno, wamemrudishia mama wa watu mwamba wake, na kwamba kila mtu mwenye nasaba na korongo hilo ainunue picha hii na kuikata ukingo wa chini kwa mkasi.

Tathmini hiyo sikuituma, na nashukuru, kwa sababu barua pepe yao ilifika siku hizo. Niliwaandikia rasmi baada ya ile simu, nikaeleza mwaka wa mradi kuachwa, nikaeleza waya ulivyookotwa, nikaeleza hukumu ya 1997, na nikapendekeza maneno mengine: daraja la Wet'suwet'en, limekazwa kwa waya wa telegrafu uliotelekezwa. Maneno machache, hayagharimu wino zaidi ya yale yao. Sikuomba kurudishiwa fedha. Jibu linasema wanasikitika kwa usumbufu uliojitokeza, kwamba historia ina pande nyingi na wao hawapendi kuegemea upande wowote, na kwamba wamenipa punguzo la asilimia kumi kwa oda yangu ijayo endapo nitaitumia kabla ya mwisho wa mwezi. Hawapendi kuegemea upande! Mstari unaosema kampuni ilijenga si upande, lakini unaosema wenyeji walijenga ni upande.

Kwa hiyo ushauri wangu umebadilika, na huenda ukabadilika tena wakirekebisha, kwa kuwa sina ugomvi na mashine zao za kuchapia. Kama unataka picha ya Hagwilget, anza kwa kuuliza kwenye makumbusho na hifadhi za nyaraka za umma, ambako unaweza kuomba nakala na ukasoma mwenyewe kilichoandikwa nyuma ya picha, kisha utafute mchapaji wa mtaani. Haitakuwa kali kama hii, nakubali, na utahangaika zaidi. Ukishindwa, nunua hapa, lakini kabla ya kulipa waandikie kwamba hutaki neno lolote chini ya picha, na uhifadhi jibu lao. Mimi yangu nimempa mama yule, ikiwa imekatwa. Nilianza na nyota nne, simu ikazishusha hadi mbili, mazungumzo ya mawe yakazipandisha tena hadi nne, na baada ya hiyo asilimia kumi ninaacha moja, ambayo ni ya aliyerekebisha mwanga kwenye ile ncha ya waya. Punguzo lao sijalitumia.