Karabai ya zamani ya Petromax: uzoefu wangu wa kuinunua, kuisafisha na kuiwasha

Ninayoizungumzia hapa ni Petromax 829 ya Kijerumani, taa ya presha ya mafuta ya taa, ile yenye mwanga wa mishumaa 500, tangi la shaba ya manjano lililopakwa nikeli. Naitathmini kama kitu cha kale cha kuweka nyumbani, lakini kitu kinachowaka. Karabai iliyopangwa kabatini bila wosha wala utambi (ule mfuko wa wavu unaotoa mwanga), kwangu mimi, imeshakufa nusu. Raha yake yote iko kwenye kuifungua, kuisafisha, kuipa presha na kuiona inashika mwanga mweupe ulioangaza harusi, ngoma na maduka ya vijijini kabla umeme haujafika.

Wakati huu ni mzuri kuzitafuta. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, waliokuwa wakizitumia kuvutia dagaa usiku wa giza, wengi wamehamia kwenye taa za LED za betri na sola. Karabai walizoziacha ziko kwa mafundi wa majiko na kwa wauza vyuma chakavu, na nyingine hupondwa kwa ajili ya shaba yake. Inauma kuona tangi zima la Kijerumani likipimwa kwa kilo.

Ukienda kununua, usiangalie kinachong'aa. Angalia tangi. Kofia, kioo, kichwa cha udongo, pampu na nozeli vyote vinabadilishika. Tangi likiwa bovu, umenunua pambo. Ligeuze juu chini uangalie kitako na ule ukingo kinapoungana na ubavu. Kitako kilichofura kwenda nje maana yake tangi lilizidishiwa presha, acha. Mstari mwembamba kama unywele wenye ukungu wa kijani ni ufa, acha pia, hata kama muuzaji anasema fundi ataziba kwa lehemu. Bonde la kugongwa halina shida ikiwa shaba haikukunjika. Karabai zilizoishi pwani zina ugonjwa wao: chumvi hula zinki iliyomo ndani ya shaba ya manjano, ikabaki shaba nyekundu yenye vitundu. Kwaruza kidogo chini ya kitako. Ukikuta waridi badala ya manjano, hilo tangi limechoka. Za ziwani kwa kawaida zina tangi zuri na kofia iliyooza kwa kutu, na hiyo ndiyo biashara nzuri.

Mimi hubeba wosha ya ngozi ya pampu iliyokwisha kulainishwa, gasketi ya kifuniko, na naomba ndoo ya maji. Funga kila kitu, pampu mpaka geji ikaribie alama nyekundu, kisha zamisha tangi. Mapovu yakitoka kwenye mdomo wa pampu, vali ndogo iliyo chini ya pampu haifungi. Yakitoka kwenye kifuniko cha geji, ni gasketi. Yakipanda kupitia bomba la mvuke mpaka kwenye nozeli, ni kiraba cha vali iliyo chini ya bomba hilo. Zote tatu ni kazi ya kubadilisha mpira. Yakitoka kwenye shaba yenyewe, rudisha na ushukuru. Baada ya hapo iache na presha usiku kucha. Geji za zamani nyingi zimekufa, kwa hiyo asubuhi fungua skrubu ya hewa na usikilize: mlio wa nguvu unatosha kuwa ushahidi.

Kuhusu uhalisi, tafuta jina la Petromax na namba ya aina kwenye tangi. Zipo karabai nyingi za Kichina zilizofuata umbo hilohilo, na vipuri vyake vingi vinaingia kwenye ya Kijerumani, lakini hesi wakati mwingine hutofautiana kidogo. Anza kufunga kwa vidole. Kikigoma baada ya mzunguko mmoja, usikilazimishe kwa spana, kwa sababu hesi ya shaba ikishaliwa hairudi.

Usafi ndipo watu wengi wanapoharibu. Usiloweke shaba kwenye dawa yoyote yenye amonia. Amonia huingia mahali ambapo shaba ilikunjwa kiwandani na bado ina mkazo, na tangi linaweza kupasuka lenyewe baadaye, likiwa na presha ndani. Harufu kali ya kuchoma pua kwenye dawa ya kung'arishia inatosha kukuonya. Ninachotumia ni maji ya moto na sabuni ya vyombo kwanza, kisha limau na chumvi kwa dakika tano, si zaidi ya kumi, halafu kusuuza na kukausha papo hapo. Ukiacha limau usiku mzima, utaikuta shaba imegeuka waridi kwa sababu ileile ya zinki.

Ndani ya tangi mimina maji ya moto yenye sabuni na konzi ya mchele mbichi, tikisa kwa kuzungusha, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Kausha juani kifuniko kikiwa wazi, kisha suuza kwa mafuta ya taa kidogo ili kuondoa maji yaliyojificha. Tone la maji likibaki humo, litazama chini ya mafuta na siku moja litafika kwenye bomba la moto. Taa itakohoa na kuzima.

Bomba la mvuke, linalopita kando ya utambi na kugeuza mafuta kuwa mvuke, hujaa masizi magumu. Toa nozeli, sindano na fimbo yake kwanza. Kisha pitisha kipande cha waya wa breki ya baiskeli, ncha moja ikiwa imefumuliwa kidogo ili iwe brashi, na usuuze kwa mafuta ya taa. Waya huo unapinda, kwa hiyo haukwaruzi kona.

Nikeli ya asili iache. Hata ikiwa imelika sehemu na shaba inachungulia, ifute kwa kitambaa cha pamba na mafuta ya mashine tu. Ukiipeleka kupakwa kromu upya, watapiga msasa kwanza, na maandishi ya kiwanda yataondoka pamoja na msasa. Nimeona karabai nzuri zilizong'arishwa hivyo. Zinametameta sana na hazina tena kitambulisho chochote, na mtu anayejua hatazilipia bei ya kitu cha kale.

Ngozi ya pampu ikikauka hupwaya, na utapampu hewa tupu. Iloweke kwenye oili ya cherehani usiku kucha, ipanue kwa vidole iwe kama kikombe, uirudishe mdomo ukiangalia chini. Mafuta ya nazi yanafaa Mombasa au Unguja. Ukiwa Arusha au Nairobi asubuhi ya baridi huganda, kwa kuwa huanza kugandia karibu nyuzi 24, na pampu nayo inakwama.

Sasa kuwasha. Tangi lina ujazo wa lita moja hivi. Mimi hutia robo tatu, nikichuja kwa kitambaa chepesi, ili ibaki nafasi ya hewa. Funga utambi mpya kwenye kichwa cha udongo, mikunjo ikigawanyika sawa pande zote, kata uzi unaobaki. Funga kifuniko, skrubu ya hewa ikiwa wazi. Jaza spiriti kwenye kikombe kidogo kinachozunguka bomba, uiwashe. Utambi utaungua na kuwa mweusi, kisha mweupe. Spiriti ikikaribia kuisha, funga skrubu ya hewa, pampu mara ishirini hivi, fungua gurudumu la mafuta taratibu. Ukiona moto wa bluu kisha utambi ukaangaza, ongeza presha mpaka alama nyekundu, yaani bar 2. Kukiwa na baridi, choma spiriti mara mbili.

Zile zenye kifaa cha Rapid, ule mdomo mdogo unaopuliza moto kwenye bomba, huwaka bila spiriti kwa dakika moja mpaka moja na nusu, lakini zinahitaji presha ya kutosha tangu mwanzo. Presha ikiwa ndogo, moto huwa wa njano na kioo kinajaa masizi. Kwa karabai ya kutunza, napendelea spiriti. Inapasha moto polepole, haina masizi, na haiichoshi pampu ya zamani.

Ikiwaka vibaya, usikimbilie kubadilisha kila kitu. Mwali wa njano tangu mwanzo mara nyingi ni bomba kutopata joto la kutosha, basi zima uanze upya. Ukiendelea kuwa wa njano hata bomba likiwa la moto, angalia njia ya hewa: buibui na nyigu wanapenda sana lile bomba lililopinda linalochanganya hewa na mvuke, na utando mdogo tu unatosha kuharibu mwanga. Kisha pima nafasi kati ya ncha ya nozeli na mdomo wa bomba hilo. Inatakiwa iwe milimita 14 hadi 16, na spana ya asili ina kipimo chake. Vyote vikiwa sawa na bado kuna masizi, tundu la nozeli limepanuka kwa sindano kulisugua miaka mingi. Weka nozeli mpya pamoja na sindano mpya, usichanganye mpya na kuukuu. Mwanga unaopanda na kushuka kama pumzi ni masizi ndani ya bomba au maji ndani ya mafuta.

Utambi ukitoboka, zima mara moja. Kupitia tundu hilo hutoka ulimi wa moto unaopiga kioo mahali pamoja, na kioo hupasuka. Tambi za zamani zilikuwa na thoriamu, madini yenye mionzi kidogo. Usipulize vumbi lake wala kulishika ovyo. Lifunge kwenye karatasi yenye unyevu na ulitupe. Sasa zipo za itriamu, hizo ndizo za kutafuta.

Mafuta ni mafuta ya taa tu. Petroli ndani ya karabai ni mlipuko. Gharama nayo ijue mapema: mafuta ya taa si ya bei rahisi kama zamani, na Kenya iliyawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Lita moja inakupa kama saa nane za mwanga kamili. Mimi naiwasha mara moja kwa mwezi, nusu saa, ili mipira na ngozi visikauke. Madirisha mawili yawe wazi, dari iwe juu kwa zaidi ya mita moja, na isiwekwe chumba cha kulala, kwa sababu hewa ya sumu haina harufu. Kuzima, fungua skrubu ya hewa mpaka presha iishe yote, kisha funga gurudumu. Usifungue kifuniko taa ikiwa ya moto.

Ukiihifadhi kwa muda mrefu, mwaga mafuta, legeza skrubu ya hewa ili gasketi isibanwe, ziba mdomo wa bomba la hewa kwa kitambaa cha rangi kali usije ukakisahau, na uifunike kwa kitambaa cha pamba. Nailoni hufungia unyevu.

Kwa nani siipendekezi? Kwa mwenye watoto wadogo na nyumba finyu, na kwa anayetaka kitu cha kupangusa vumbi tu. Huyo achukue kasha au sinia. Kwa anayependa mkono wake ufanye kazi, naipa nyota tano bila kusita. Pamoja nayo nunua tambi kumi, nozeli na sindano mbili mbili, ngozi mbili, gasketi za kutosha, na vioo viwili vya kawaida. Kioo cha asili chenye jina la kiwanda kikikukuta bado kizima, kitoe, kifunge kwenye gazeti na ukiweke sandukuni. Taa iwake na kile cha sokoni.