TAHADHARI: Vitabu vya historia ya kompyuta vya kuchangia mtandaoni. Ukipigwa kalenda, muda wako wa kudai pesa unakwisha

Tahadhari hii ni kwa wapenzi wa kompyuta za zamani (Commodore, Sinclair, Amiga, Atari na nyinginezo) wanaolipia vitabu kwenye majukwaa ya kuchangisha pesa mtandaoni kama Kickstarter na Indiegogo, au kwenye tovuti ya mwandishi, kabla kitabu hakijachapwa. Malalamiko ni mengi na yanafanana mno. Kitabu kiliahidiwa Desemba, kikasogezwa Juni, kikasogezwa tena. Kilipofika, kama kilifika, si kile kilicholipiwa: juzuu moja imegeuka mbili na ya pili inauzwa kwa pesa nyingine, jalada gumu limekuwa jepesi, kasha la kuhifadhia halipo. Mbaya zaidi, kitabu hichohicho kinakutwa Amazon kwa bei ya chini, na aliyenunua wiki jana anakishika kabla ya aliyechangia miaka miwili iliyopita.

Hatutaji jina la mwandishi wala kampuni inayolalamikiwa sasa, maana wanaofanya hivi si mmoja na mtindo ni uleule. Tunachotaka ujue ni kwamba kuchelewa kunakula haki yako, tena kwa tarehe zinazoweza kuhesabiwa.

Kwa kanuni za Visa, mwenye kadi ambaye hakupata mzigo ana siku 120 za kupinga muamala kupitia benki yake, zikihesabiwa tangu siku aliyoahidiwa kupokea. Lakini kuna ukomo juu ya hizo: siku 540 tangu muamala wenyewe. Mastercard nao wana ukomo huo. Sasa piga hesabu. Kickstarter hukata pesa kampeni ya kuchangisha inapofungwa, tuseme 15 Machi 2024. Kitabu kimeahidiwa Desemba 2024. Desemba inafika, unaambiwa Juni. Juni inafika, unaambiwa Novemba 2025. Siku ya 540 ni tarehe 6 Septemba 2025. Ukikubali kusubiri Novemba, umefunga mlango kwa mkono wako mwenyewe, na mwenye kampeni hana tena cha kuogopa kutoka benki. Kwa hiyo siku unayolipa, andika tarehe mbili kwenye kalenda ya simu: siku 120 baada ya tarehe iliyoahidiwa, na siku ya 540 tangu malipo. Inayotangulia ndiyo ya kufuata.

Benki si lazima ikubali. Nyingine husema kuchangia si kununua, na Kickstarter wenyewe tangu 2012 wamekuwa wakisema wazi kwamba wao si duka. Uingereza, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 humlinda anayelipa kwa kadi ya mkopo kwa bidhaa ya zaidi ya pauni 100, lakini kwenye kampeni za aina hii benki mara nyingi hukataa kwa hoja kwamba pesa ilipita kwa mtu wa kati. PayPal waliondoa michango ya namna hii kwenye ulinzi wa mnunuzi Juni 2016, kwa hiyo ukiwa na hiari ya kuchagua, lipa kwa kadi. Dai lenye vielelezo vya tarehe na ahadi lina nafasi kubwa kuliko dai la maneno matupu.

Tuwe wa haki: kuchelewa peke yake si utapeli. Uchunguzi wa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliotoka 2014 ulikuta zaidi ya asilimia 75 ya bidhaa za Kickstarter zilizochunguzwa zilifika baada ya muda ulioahidiwa. Mwaka uliofuata, alipowauliza wachangiaji karibu 50,000, asilimia 9 ya miradi ilionekana kushindwa kabisa kuleta kilichoahidiwa. Yaani wengi huchelewa na wengi hatimaye huleta. Kazi ni kumtambua anayechelewa kwa sababu ya kweli na anayekupiga danadana.

Kipimo cha kwanza ni mswada. Uliza swali moja kabla ya kutoa senti: mswada umekamilika? Jibu la kuaminika lina idadi ya maneno au sura, na linataja mhariri. “Utafiti umekamilika” si jibu. Historia ya kompyuta ina mtego wake hapa, kwa sababu mwandishi huwa na mahojiano mengi kuliko anavyoweza kuyaandika. Chukua Commodore kama mfano: ukitaka kuanza na kompyuta yao ya PET ya 1977, upite VIC-20 na Commodore 64 ya 1982, mwanzilishi Jack Tramiel kuondoka Januari 1984, Amiga kuzinduliwa Julai 1985, hadi kampuni kufilisika Aprili 1994, una miaka 17 yenye wahandisi, kesi na mashine zilizofutwa kabla ya kuuzwa. Mwandishi aliyeahidi yote hayo kwa kurasa 400 bila kuandika kwanza, akifika 1987 ana kurasa 500 tayari. Hapo ndipo linakuja tangazo la “habari njema”: kitabu kimekuwa kikubwa, kwa hiyo kitagawanywa. Aliyelipia kitabu kinachoishia 1994 anapewa kinachoishia 1987. Hilo ni badiliko la bidhaa, na unayo haki ya kuuliza kwa maandishi kama juzuu ya pili imo kwenye malipo yako au la. Akikwepa swali hilo, umepata jibu.

Kipimo cha pili ni ratiba ya uchapaji, na hapa uongo hukamatwa kirahisi. Mswada ukiisha kuna uhariri, kupanga kurasa, kusahihisha prufu (nakala ya majaribio), na faharasa (orodha ya maneno na kurasa yalipo), ambayo haiwezi kutengenezwa hadi namba za kurasa zisibadilike tena. Kisha kiwanda huchapa, hukunja na kujalidi, kazi ya wiki kadhaa. Kitabu kikichapwa China na kusafirishwa kwa meli hadi Ulaya, weka wiki tano au sita zaidi. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na hapo huongezeka siku kumi hadi kumi na nne. Kwa hiyo taarifa ya Oktoba inayosema “tunamalizia sura mbili za mwisho, mtapata kabla ya Krismasi” haiwezekani, na anayeiandika anajua, au hajawahi kuongea na kiwanda. Mtu mkweli husema: prufu imefika tarehe fulani, hii hapa picha yake, kiwanda ni hiki, idadi ya nakala ni hii.

Sasa mabadiliko ya kitabu chenyewe. Wengi hawayaoni hadi mzigo unapofika kwa sababu kampeni ilisema tu “kitabu cha kifahari chenye picha za rangi”. Tafuta vitu hivi kwenye ukurasa wa kampeni: ukubwa kwa milimita, idadi ya kurasa, uzito wa karatasi kwa gramu, jalada gumu au jepesi, kimeshonwa kwa uzi au kimebandikwa kwa gundi. Kisichoandikwa huwezi kukidai.

Uzito wa karatasi unastahili hesabu yako mwenyewe, maana ndio unaoamua posta. Zidisha eneo la ukurasa kwa idadi ya karatasi (kurasa gawanya kwa mbili) kwa gramu. Kitabu cha A4, kurasa 400, karatasi ya gramu 115: mita za mraba 0.0624 mara 200 mara 115 ni takriban gramu 1,435. Weka jalada gumu la kama gramu 400, uko kilo 1.8. Mwandishi akivuka lengo la michango na kwa furaha akatangaza karatasi ya gramu 150, ndani peke yake panakuwa gramu 1,870, na kwa jalada unapita kilo 2.2. Kilo 2 ndio ukomo wa vifurushi vidogo vya kawaida vya posta ya kimataifa. Royal Mail wana huduma ya machapisho hadi kilo 5, lakini si kila nchi anakotuma mwandishi ina huduma kama hiyo kwa bei nafuu. Ndiyo maana “zawadi” ya karatasi nene, kasha na utepe hugeuka baadaye kuwa ombi la nyongeza ya posta, au kitabu kurudishwa karatasi nyembamba kimyakimya. Kampeni inayosema posta italipwa baadaye bila kutaja hata makisio ya nchi yako, iache.

Gundi na uzi navyo si urembo. Kitabu kizito cha kurasa mia nne kilichobandikwa kwa gundi pekee hakilali wazi mezani, na kikilazimishwa mgongo hupasuka na kurasa huanza kuchomoka. Kilichoshonwa huonekana ukitazama ukingo wa juu karibu na mgongo: utaona mafungu ya karatasi yaliyokunjwa, mara nyingi ya kurasa 16. Kilichobandikwa huonyesha karatasi mojamoja, zimekatwa sawasawa. Badiliko la kutoka uzi kwenda gundi mara nyingi linamaanisha mwandishi ameacha kiwanda na kuhamia uchapaji wa nakala mojamoja kwa oda, kwa kawaida kwa sababu pesa ya kuchapa nakala zote kwa pamoja haipo tena. Hiyo ni dalili nzito kuliko tangazo lolote la kuchelewa.

Angalia pia kurasa za mfano. Skrini ya ZX Spectrum, kompyuta ya Sinclair, ina nukta 256 kwa 192. Mtu anayejua kazi huikuza kwa namba kamili, mara 8 kwa mfano, ikawa 2,048 kwa 1,536, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi ni upana wa sentimita 17 na kila nukta inabaki mraba mkali. Ukiona picha za michezo zina ukungu kwenye kingo za herufi, zimekuzwa ovyo au zimetolewa tu mtandaoni. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji picha ya nukta 2,480 kwa 3,508. Matangazo ya magazeti ya zamani yaliyoskaniwa vibaya hayafiki hapo. Uliza pia nani mwenye haki ya picha. Ruhusa za hifadhi za kumbukumbu na makumbusho hugharimu na huchukua muda, na kampeni isiyozitaja kwenye bajeti yake itazikuta njiani.

Kabla ya kuchangia, fungua wasifu wa mwandishi na uhesabu kampeni zake. Kampeni mpya ikiwa imefunguliwa wakati ya zamani haijafikisha vitabu, usitoe pesa, hata kama jalada linavutia namna gani. Huko ni kufukia shimo kwa udongo wa shimo jingine. Soma maoni ya kampeni ya nyuma, si ya hii mpya, na soma kuanzia ya karibuni.

Kuna kumbukumbu za wazi za mwisho wa mambo haya. ZX Spectrum Vega+, kifaa cha mkononi cha kuchezea michezo ya Spectrum, ilikusanya zaidi ya pauni 500,000 Indiegogo mwaka 2016 kwa ahadi ya mwaka huohuo. 2018 Indiegogo wenyewe walitangaza kukabidhi suala kwa wakusanya madeni, na 2019 kampuni ikafungwa. Unbound ya London, iliyoanza 2011 kwa kuwachangisha wasomaji kabla ya kuchapa, iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Machi 2025, waandishi wakabaki wakidai. Na Marekani, katika kesi ya kwanza ya aina hii iliyofunguliwa na tume ya biashara FTC mwaka 2015, mtu aliyekusanya zaidi ya dola 122,000 kwa mchezo wa mezani na kuzitumia kwa mambo yake alihukumiwa kulipa dola 111,793. Hukumu ikasimamishwa kwa sababu hana uwezo. Usitegemee serikali ikurudishie.

Kama tayari umelipa na unazungushwa, fanya hivi leo. Piga picha za skrini za ukurasa wa kampeni, hasa sifa za kitabu na tarehe iliyoahidiwa, na za kila taarifa, zikiwemo zile za wachangiaji pekee, maana kampeni ikihaririwa au akaunti ikifutwa huna ushahidi. Tunza barua pepe ya malipo. Mwandikie mwenye kampeni ujumbe mfupi ndani ya jukwaa, si WhatsApp wala Facebook: taja namba ya mchango, kilichoahidiwa, tarehe, na uombe ama kitabu kwa sifa zilezile ama pesa, ndani ya siku 14. Masharti ya Kickstarter yanamtaka anayeshindwa kutimiza aeleze pesa ilivyotumika na kurudisha iliyobaki kwa ambao hawajapata; taja hilo. Siku 14 zikipita bila jibu la maana, nenda benki na vielelezo, ueleze kwamba bidhaa haikufika au si iliyoelezwa. Usiseme “nilichangia mradi”. Eleza ulichoahidiwa na tarehe.

Kwa walio Kenya na Tanzania wanaolipa kwa kadi za mtandaoni za M-Pesa: hakikisha salio lipo siku kampeni inapofungwa, si siku unayojiandikisha. Malipo yakigoma, Kickstarter hutoa siku saba za kurekebisha, kisha nafasi yako inafutwa. Usiifute kadi hiyo hadi kitabu kifike, kwani marejesho hurudi kwenye kadi iliyolipa. Kwenye anwani andika sanduku la posta pamoja na namba ya simu yenye msimbo wa nchi, na kila tarehe inaposogezwa ingia tena uhakiki anwani, kwa sababu orodha ya anwani za kutumiwa vitabu ikishafungwa, kitabu kitaenda kwenye sanduku la zamani na kurudi kilikotoka kwa gharama utakayodaiwa wewe.