Taji la Jino: Lipi Lafaa kwa Jino Lipi

Kabla ya kuvalishwa taji, yaani kofia ngumu inayolifunika jino, jino huchongwa pande zote, na kilichochongwa hakirudi. Ndiyo maana mimi huyapanga mataji kwa kuuliza kwanza: linadai jino lichongwe kiasi gani? Rangi hufuata, isipokuwa kwa meno ya mbele.

Kwa magego, zirkonia, kauri nyeupe ngumu sana, inaongoza. Ile isiyopenyesha mwanga hustahimili mkazo wa takriban megapaskali 1,000 (kipimo cha uimara), zaidi ya mara mbili ya lithiamu disilikati, kauri ya jamii ya kioo. Kwa uimara huo hutengenezwa nyembamba, na mara nyingi daktari huchonga milimita 1 tu au pungufu. Lakini lazima uso wake ung'arishwe barabara, la sivyo litalisaga jino linaloumana nalo. Ipo pia zirkonia inayopenyesha mwanga: inapendeza zaidi, ila uimara wake ni mdogo. Uliza utawekewa ipi, maana zote huuzwa kwa jina moja.

Dhahabu ni ya pili, na kinachoishusha ni rangi na bei tu. Haimeguki, haihitaji kuchonga sana, na hulika kwa kasi inayokaribiana na ya jino lenyewe. Kwa gego la mwisho, lile lisiloonekana hata ukicheka, kama fedha ipo ningeitanguliza mbele ya zirkonia.

Meno ya mbele yana mshindi wake: lithiamu disilikati. Hupitisha mwanga kama jino la asili, na hugandishwa kwa gundi inayoshikamana vizuri na jino. Ila anayesaga meno usingizini asiiweke kwenye magego, na amweleze daktari tabia hiyo kabla ya kuchagua taji lolote.

Kauri juu ya metali naiweka mwisho. Imetumika miaka mingi na bado inafaa kwa daraja refu la meno (meno bandia yanayoziba pengo kwa kushikiliwa na meno ya kando), lakini tabaka zake mbili hudai nafasi, hivyo huenda jino likachongwa hadi milimita 2. Kauri yake hubanduka vipande, na fizi ikishuka, ukingo mweusi hujitokeza. Mwenye mzio wa nikeli aulize aloi (mchanganyiko wa metali) iliyotumika ni ipi.

Kwa magego ya utotoni sina mjadala: chuma cha pua. Huja tayari kwa saizi mbalimbali, kwa kawaida huwekwa siku hiyohiyo, na hung'oka pamoja na jino wakati wake ukifika.